Normandy kwa Marki 10,000: Je, Mtemi Robert Alikosea Kuiweka Nchi Rehani?

Mwezi Septemba 1096 mfalme wa Uingereza, William Rufus, alivuka bahari kuingia Normandy, nchi iliyo kaskazini mwa Ufaransa, akiwa na shehena ya fedha ya marki 10,000. Marki haikuwa sarafu ya kutia mfukoni. Ilikuwa kipimo cha hesabu, theluthi mbili za pauni, na malipo yenyewe yalifanywa kwa peni za fedha, 160 kwa kila marki. Kwa hiyo mfalme alileta kiasi cha peni 1,600,000. Peni ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na uzito wa gramu 1.4 hivi, maana yake mzigo ulizidi tani 2. Ukiwapakia farasi kilo 100 kila mmoja, unahitaji farasi zaidi ya 20. Aliyeupokea ni kaka yake mkubwa, Robert, mtawala wa Normandy. Robert alihesabiwa fedha zake, akamkabidhi mdogo wake nchi nzima, akashika njia ya Yerusalemu pamoja na jeshi la Vita vya Kwanza vya Msalaba.

Cheo chake kwa Kilatini kilikuwa dux. Hapa nitakiita utemi, kama wengine wanavyosema Utemi wa Luxemburg: mtawala mwenye nchi, ngome, hazina na sarafu yake, ambaye juu yake yupo mfalme anayeapiwa utii lakini hana nguvu ndani ya mipaka yake. Kwa Robert mfalme huyo alikuwa wa Ufaransa, na kiapo hicho hakikumbana sana.

Hukumu iliyozoeleka juu yake ni kali. Orderic Vitalis, mtawa wa monasteri ya Saint-Évroul, na William wa Malmesbury, mtawa wa Uingereza, wamemchora kama mtu mkarimu, jasiri, mwepesi wa ulimi na asiyefaa kutawala. Kuiweka nchi rehani kumehesabiwa kuwa kilele cha upumbavu wake: nani mwenye akili atamwachia adui yake nyumba, akaenda kupigana maili elfu mbili kutoka kwake? Upande wa pili wapo wanaomwona kama shujaa aliyetoa alichokuwa nacho kwa ajili ya imani yake, akasalitiwa na ndugu. Naona pande zote mbili zinautazama mkataba wa 1096 vibaya, kwa sababu zinauchukua kama kipimo cha moyo wake badala ya kuusoma kama mkataba. Ukiusoma hivyo, utakuta ni biashara iliyomnufaisha Robert kuliko nyingine yoyote aliyoifanya. Nchi aliipoteza, ndiyo, lakini si kwa rehani hii.

Tuanze na jinsi rehani ilivyofanya kazi. Kanisa lilikataza riba, kwa hiyo mkopeshaji hakuandika faida juu ya deni. Aliipata kwa kushika ardhi. Kulikuwa na namna mbili. Katika ya kwanza, iliyoitwa rehani hai, mkopeshaji anavuna mapato ya ardhi na kila anachovuna kinapunguza deni, mpaka deni linakwisha lenyewe na ardhi inarudi. Katika ya pili, rehani mfu, mapato yote ni ya mkopeshaji na deni linabaki lilivyo hadi lilipwe kamili. Robert aliingia katika hii ya pili: William angekula kodi, ushuru na faini za Normandy kwa muda wote, na kaka yake akirudi angepaswa kuleta marki 10,000 zilezile. Kuhusu muda, waandishi wa wakati huo wanapingana: mmoja anasema miaka 3, Orderic anasema 5. Msuluhishi alikuwa Gerento, abati wa Saint-Bénigne ya Dijon, aliyetumwa na Papa Urbano II, yule aliyeitisha vita hivyo katika mtaguso wa Clermont mnamo Novemba 1095. Kuwepo kwa mjumbe wa Papa si jambo la pembeni. Mali ya mtu aliyejitia msalaba, yaani aliyeapa kwenda vita hivyo, ilikuwa chini ya ulinzi wa Kanisa, na mfalme ambaye angekataa kuirudisha angejitafutia kutengwa.

Sasa jiulize kwa nini Robert, mtoto wa kwanza wa William Mshindi, mtemi wa Normandy aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, hakuwa na fedha zake mwenyewe. Baba alipofariki Rouen tarehe 9 Septemba 1087, urithi uligawanywa hivi: Robert akapata Normandy, William Rufus akapata Uingereza pamoja na hazina ya Winchester, na Henry, mdogo wa wote, akapata pauni 5,000 za fedha bila ardhi. Makabaila wa Normandy hawakusubiri mazishi yaishe. Waliwafukuza askari wa mtemi kutoka ngome zilizokuwa ndani ya ardhi zao, Robert wa Bellême akiwa wa kwanza. Badala ya kuzirudisha kwa nguvu, mtemi mpya alianza kugawa: ngome ya Ivry akampa William wa Breteuil, ya Brionne akampa Roger wa Beaumont. Mtemi aliishi kwa mashamba yake, ushuru wa masoko, misitu na faini za mahakama. Kila ngome iliyotoka mkononi iliondoka na vyote vilivyoizunguka, maana bila askari wa kukaa hapo hakuna wa kukusanya.

Mwaka 1088, akihitaji fedha za kuwasaidia waliokuwa wamemwasi Rufus kule Uingereza kwa niaba yake, Robert alifanya jambo ambalo kwangu ni kosa kubwa kuliko lolote la 1096. Alimwuzia Henry eneo la Cotentin, magharibi mwa Normandy, kwa pauni 3,000. Hakuliweka rehani. Aliliuza, na likaenda kwa ndugu pekee ambaye hakuwa na ardhi na alikuwa na kila sababu ya kuitaka zaidi. Na safari ya kwenda Uingereza hakuifanya. Waasi wakiongozwa na Odo, askofu wa Bayeux na baba yake mdogo, walizingirwa wakimngoja mpaka wakasalimu amri. Cotentin na watu wake tutakutana nayo tena.

Wanaomlaumu kwa mkataba wa 1096 wana hoja tatu nzito, na si haki kuzipita haraka.

Ya kwanza ni nani aliyekopesha. Tangu 1090 Rufus alikuwa akiwanunua makabaila wa mashariki ya Normandy mmoja baada ya mwingine. Mwezi Novemba mwaka huo Rouen penyewe palinusurika kwa mapigano ya mitaani, na tajiri Conan, aliyepanga kuutoa mji kwa mfalme, alisukumwa na Henry kutoka juu ya mnara. Mwaka 1091 ndugu wawili wakubwa walipatana, Robert akaziacha Eu, Fécamp na sehemu nyingine mikononi mwa Rufus, na makabaila 12 wa kila upande wakaapa kwamba ndugu mmoja akifa bila mtoto halali, mwenzake atamrithi. Mapatano hayo yalivunjika baada ya miaka miwili na vita vikarudi 1094. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa nchi 1096 ndiye aliyekuwa ameitafuta kwa miaka sita.

Hoja ya pili ni waliolipa. Rufus hakuwa na marki 10,000 zilizolala ghalani. Alitoza Uingereza kodi ya shilingi 4 kwa kila eneo la kaya moja ya wakulima, mara mbili ya kiwango kilichozoeleka. Maabati na maaskofu walikwangua dhahabu na fedha kutoka kwenye vyombo vya ibada ili kutimiza sehemu yao. Askofu mkuu Anselm wa Canterbury alichukua kiasi cha marki 200 kutoka hazina ya kanisa lake, na ili kulifidia akaliachia mapato ya shamba lake la Peckham kwa miaka 7. Lakini askofu ana shamba la kutoa. Mkulima alitoa kilichokuwa ndani ya nyumba yake, kwa safari ya mtemi ambaye hakuwa hata mtawala wake. Hili naliona doa la kweli juu ya mkataba, na wanaomtetea Robert hupenda kuliruka.

Ya tatu inahusu Rouen. Guibert wa Nogent, mtawa na mwandishi wa wakati huo, anaeleza kwamba watu waliojitia msalaba katika mji huo walisema ni upuuzi kusafiri mbali kuwatafuta maadui wa Mungu ilhali Wayahudi wapo mbele ya macho yao. Wakawakusanya mahali pa ibada wakawaua, wakubwa kwa watoto, isipokuwa waliokubali ubatizo. Rouen ulikuwa mji mkuu wa Robert. Hakuna anayesema aliamuru, na hakuna anayesema alizuia. Mtemi kazi yake ya kwanza ni kulinda walio chini yake, hao hawakulindwa.

Sasa upande wa pili.

Nani mwingine angekopesha? Godfrey wa Bouillon, mtemi wa Lorraine ya Chini aliyesafiri kwa vita hivyohivyo, alikwenda kwa maaskofu. Ngome ya Bouillon ilichukuliwa na askofu Otbert wa Liège kwa kiasi cha marki 1,300 za fedha pamoja na dhahabu kidogo, na Otbert alilazimika kubandua dhahabu kutoka jeneza la Mtakatifu Lambert ili kuzipata. Ngome moja, kanisa kuu moja, na tayari mapambo yanang'olewa. Robert alihitaji mara saba au nane ya hizo. Wanahistoria hukadiria kwamba askari mmoja wa farasi alihitaji mapato ya kama miaka minne ili kujitayarisha kwa safari hiyo: farasi wa vita, farasi wa mizigo, silaha, watumishi, chakula cha njiani. Mtemi alitarajiwa kuwalisha na kuwapandisha farasi wengi wa namna hiyo. Katika Ulaya yote ya kaskazini-magharibi mtu mwenye mashine ya kukusanya kodi inayoweza kutoa fedha nyingi kiasi hicho kwa miezi michache alikuwa mmoja tu, naye ni mfalme wa Uingereza.

Halafu angalia rehani ilifanya nini kwa adui. Kabla ya 1096 Rufus alikuwa mnunuzi wa uasi. Baada ya kuishika nchi akawa mlinzi wake, kwa sababu kila kijiji kilichochomwa kilikuwa kimechoma mapato yake mwenyewe. Orderic, ambaye hana sababu ya kumsifu, anakiri kwamba mfalme aliwabana makabaila na kurudisha sehemu ya mali za utemi zilizokuwa zimetapanywa. Alijenga ngome ya Gisors mpakani na mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1098 aliuteka mji wa Le Mans, makao ya Maine, jimbo ambalo Robert alikuwa na dai nalo tangu utotoni na hakuwahi kulishika sawasawa. Yaani mtemi aliondoka akiacha nchi iliyopasuka, na aliyeishika aliishona kwa gharama zake. Mkopeshaji wa rehani mfu hufaidi mapato, lakini pia ndiye anayepaka chokaa nyumba.

Fedha zenyewe zilikwenda wapi? Robert aliondoka na shemeji yake Stephen wa Blois, aliyemwoa dada yake Adela, na Robert wa Flanders, mtoto wa mjomba wake. Odo wa Bayeux alikuwamo, akafia Palermo mapema 1097. Kasisi wa mtemi, Arnulf wa Chocques, baadaye alichaguliwa kuwa patriarki wa Yerusalemu. Walipita milima ya Alps, wakaonana na Papa huko Lucca, wakateremka hadi kusini mwa Italia wakachelewa: bahari ya majira ya baridi haikuruhusu kuvuka. Huu ulikuwa mtego wa kwanza wa gharama, miezi ya kulisha watu na wanyama bila kusonga hata hatua. Wengi wa maskini waliuza pinde zao wakarudi nyumbani. Tarehe 5 Aprili 1097, siku ya Pasaka, walianza kupakia merikebu huko Brindisi. Moja ilipasuka karibu na pwani, watu wapatao 400 wakazama pamoja na farasi, nyumbu na fedha nyingi. Fulcher wa Chartres, aliyekuwa msafarani, ameandika hayo, na ndiye pia anayesimulia kwamba walipofika Konstantinopoli waliruhusiwa kuingia mjini kusali watu watano au sita kwa saa, wengine wakikaa nje ya kuta wakinunua chakula kwa bei ya mwenye soko.

Robert alimwapia Kaisari Aleksios, akafika Nikea mwanzoni mwa Juni, wiki mbili hivi kabla mji haujasalimu amri tarehe 19. Tarehe 1 Julai, huko Dorylaeum, kikosi cha mbele kilizingirwa na wapiga mishale wa farasi wa Sultani Kilij Arslan. Watu walianza kukimbilia hemani, na waandishi kadhaa wanampa Robert sifa ya kuwasimamisha na kuwageuza. Ujasiri wake hauna mjadala. Lakini baada ya hapo njia ya Anatolia ikawaua farasi kwa kiu na njaa, hadi mizigo ikapakiwa juu ya mbuzi, kondoo na mbwa. Askari wa farasi asiye na farasi ni mtembea kwa miguu mwenye silaha nzito. Thamani ya marki zile ilikuwa ndani ya wanyama, na ilioza barabarani.

Antiokia ilikula zilizobaki. Mji ulizingirwa kuanzia Oktoba 1097 hadi Juni 1098, na katika baridi ile mzigo wa punda mmoja wa nafaka ulifikia shilingi 120. Robert aliondoka kambini akakaa Latakia, bandari iliyopata chakula kutoka Kipro, na mwandishi Ralph wa Caen anasema aliitwa mara kadhaa kwa vitisho vya kutengwa na Kanisa ndipo akarudi. Ralph huyohuyo anaongeza kwamba kutoka huko alituma chakula kwa wenzake. Uvivu au kazi ya ugavi? Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Linaloonekana wazi ni kwamba Januari 1099 fedha zilikuwa zimekwisha, kwa sababu Raymond wa Toulouse aliwaahidi viongozi wenzake ujira ili wamfuate kwenda Yerusalemu: shilingi 10,000 kwa Godfrey, 10,000 kwa Robert wa Normandy, 6,000 kwa Robert wa Flanders. Mtemi aliyeiweka nchi rehani ili ajitegemee sasa alikuwa akitembea kwa mshahara wa mwingine.

Yerusalemu ulianguka tarehe 15 Julai 1099. Robert alikuwa amepiga kambi upande wa kaskazini, karibu na lango la Mtakatifu Stefano, na watu wake waliingia pamoja na wa Godfrey. Waislamu na Wayahudi waliuawa mitaani, majumbani na mahali pa ibada. Waandishi wa Kikristo wenyewe waliyaeleza hayo bila aibu, na hakuna ushahidi kwamba Robert alinyoosha mkono kuzuia. Tarehe 12 Agosti, karibu na Askaloni, jeshi la waziri al-Afdal wa Misri lilishambuliwa alfajiri. Bendera ya waziri, mti wa fedha wenye tufe la dhahabu juu, ilichukuliwa na Robert. Masimulizi mengine yanasema aliinunua kwa marki 20 kutoka kwa aliyeiokota. Kwa vyovyote aliitoa kwa Kaburi Takatifu. Hakutaka ardhi huko. Septemba alianza safari ya kurudi, na kurudi huko ndiko kunakomtenganisha na Godfrey: Godfrey alibaki Yerusalemu, akafa Julai 1100, na Bouillon, isiyo na wa kuikomboa, ikabaki kwa maaskofu wa Liège kwa vizazi vingi, ingawa si bila ugomvi.

Robert alijua deni linamngoja, na hapa alifanya jambo la akili. Alipumzika Apulia kwa Wanormani wenzake, akamwoa Sibylla, binti wa Geoffrey, bwana wa Conversano, aliyekuja na mahari ya fedha iliyokusudiwa kuikomboa Normandy. Alikuwa bado njiani wakati, tarehe 2 Agosti 1100, mshale wa mawindo ulipomwua Rufus katika New Forest. Henry alipiga mbio hadi Winchester, akashika hazina, na tarehe 5 akavikwa taji Westminster. Siku tatu.

Wanaoulaumu mkataba husema: hapo ndipo ulipomgharimu taji. Angekuwa Rouen, angevuka bahari. Mimi sioni hivyo. Yale mapatano ya kurithiana yalikuwa yamekufa tangu 1094. Henry alikuwa kwenye mawindo yaleyale, umbali wa siku moja kutoka hazina, na mtu aliyeko Rouen angepata habari wakati taji limekwisha kuvikwa. Tena mwaka 1088 Robert alikuwa Normandy, akiitwa na jeshi lililo tayari, na hakwenda.

Kwa upande wa rehani, kifo hicho kilikuwa zawadi. Aliyeishikilia hayupo, Henry hakuwa na askari wa kutosha ndani ya Normandy wa kuidai, na Robert aliingia nchini mwake Septemba 1100 akapokelewa bila kulipa hata peni moja ya zile 1,600,000. Fikiria mizani: alisafirishwa na fedha za Waingereza, nchi yake ikatunzwa na Rufus, akarudi na sifa ya Yerusalemu na mke mwenye mahari, na deni limefutika. Ni bahati, sikatai. Lakini bahati hiyo iliweza kumfaa kwa sababu alikuwa ameweka rehani na hakuuza.

Kilichofuata ndicho kilichomwangusha. Mahari ya Sibylla, iliyopaswa sasa kuwa mtaji wa kujenga upya utemi, ilitapanywa. Askari wa Rufus waliozingirwa ndani ya ngome ya Le Mans walimwomba msaada. Hakuutoa, na Maine ikamrudia Helias wa La Flèche, bwana aliyekuwa akiidai. Julai 1101 alitua Portsmouth na jeshi, makabaila wengi wakiwa upande wake, wakakutana na Henry huko Alton. Robert aliacha dai la taji kwa marki 3,000 kila mwaka, na Henry akaachia ardhi zake za Normandy isipokuwa ngome moja, Domfront. Kwa miaka mitatu na miezi michache mkataba huo ungemlipa zaidi ya marki 10,000. Ila haukuwa na dhamana. Katika 1096 Rufus alileta fedha kwanza ndipo akapokea nchi. Katika 1101 Robert alitoa dai lake papo hapo na kupokea ahadi. Mwaka 1103 alikwenda Uingereza kumwombea William wa Warenne, kabaila aliyenyang'anywa mali kwa kumwunga mkono. Akiwa mikononi mwa Henry, alibanwa mpaka akayaacha malipo yote, kwa jina la zawadi kwa malkia. Mwezi Machi mwaka huohuo Sibylla alifariki, miezi michache baada ya kumzaa mtoto wa kiume, William. Mwaka 1104 Henry alipewa pia utii wa bwana wa Évreux.

Na Cotentin? Katika majira ya kuchipua ya 1105 Henry alishuka Barfleur, bandari ya eneo lilelile aliloliuziwa 1088, akala Pasaka Carentan kati ya watu waliomzoea kwa miaka kumi na saba. Domfront ilikuwa yake tangu 1092. Alichoma Bayeux, akaupata Caen kwa fedha. Tarehe 28 Septemba 1106, mbele ya ngome ya Tinchebray, Robert alishambulia jeshi lililokuwa kubwa kuliko lake. Henry alikuwa ameshusha sehemu ya askari wake wa farasi wapigane kwa miguu ili safu isivunjike, na ameficha pembeni kikosi cha farasi cha Wabretoni na watu wa Maine. Aliyekiongoza ni Helias, yule ambaye Robert alimwachia Maine. Kikosi kilipiga ubavuni, Robert wa Bellême na nyuma ya jeshi wakakimbia, na baada ya kama saa moja mtemi alikamatwa na Waldric, kasisi aliyekuwa mtunza muhuri wa mfalme.

Hadithi mbaya kuliko zote kuhusu utawala wake inatoka kwa Orderic, katika hotuba anayosema askofu Serlo wa Sées alimpa Henry pale Carentan: kwamba mtemi hulala kitandani hadi mchana na haendi kanisani kwa kukosa nguo, maana makahaba na wachekeshaji wamemwibia hata suruali. Orderic aliandika miaka mingi baadaye, katika monasteri iliyoteswa na Robert wa Bellême chini ya mtemi asiyeweza kumzuia, na ambayo Henry aliitembelea kwa heshima 1113. Mateso ya monasteri yalikuwa ya kweli. Suruali ni ya kutiliwa shaka, kwani hotuba ile kazi yake ilikuwa kuhalalisha uvamizi.

Henry alimfunga kaka yake kwa zaidi ya miaka 27, Wareham, Devizes, mwisho Cardiff, ambako alifariki Februari 1134 akiwa na zaidi ya miaka 80, akazikwa Gloucester. Hesabu za hazina ya kifalme za mwaka 1130 zimesalia mpaka leo. Miongoni mwa matumizi ya mwaka huo kimo kifungu cha fedha kwa ajili ya nguo za mfungwa, na karani, miaka 24 baada ya Tinchebray, bado anamwandika kwa cheo cha bwana wa Normandy.